Alama Ndani ya Kola

Koti la kazi halikuwa la mtu. Ndilo jambo la kwanza uliloambiwa ulipoandikwa katika kile kiwanda cha nguo pale Eldoret. Koti ni la kampuni. Unalivaa wiki nzima, Ijumaa jioni unalitupa kwenye pipa mlangoni, linafuliwa pamoja na mengine, na Jumatatu unachukua lolote la laini yako linalokutosha. Yote yalikuwa ya kijani, yote yana namba ya laini mgongoni. Ukichelewa Jumatatu unaachiwa lile lililochanika kwapa, au lile alilolivaa mwenzako wa jasho jingi na sabuni ikapita juu juu tu.

Wanawake hawapendi kuvaa jasho la mtu. Kwa hiyo kila mmoja alijichagulia koti lake kimyakimya na kulitia alama ndani, chini ya kola, mahali ambapo haionekani ukilivaa. Mwanzoni ilikuwa mshono mmoja mwekundu, au fundo. Fundo likifanana na fundo la mwingine, Jumatatu asubuhi watu wawili wazima wanavutana koti mbele ya supavaiza.

Aliyemaliza ugomvi huo alikuwa mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye laini ya kola. Alikuwa mtu wa upande wa Ziwa, mjane, na alinizidi umri kiasi cha mimi kumwita dada. Siku moja wakati wa chai alikusanya vipande vya nyuzi vilivyobaki chini ya mashine, akatarizi samaki ndani ya kola yake. Samaki mwenye magamba, jicho na mkia, mkubwa kama kidole gumba. Tuliomwona tukataka na sisi.

Hakumtoza mtu kitu. Alimtarizia kuku mwanamke mmoja wa Yamumbi aliyefuga kuku nyuma ya nyumba na aliyetusimulia habari zao kama za watoto wake. Mwingine, ambaye hakuweza kushona kabla ya chai, akapata birika. Mimi niliomba waridi. Alinirudishia koti lina kitu cha mviringo, cha rangi ya udongo, chenye madoa matatu. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni waridi ambalo bado halijachanua. Kilikuwa kiazi. Wazazi wangu walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati wakalima viazi, na tangu siku ya kwanza yeye aliniita mtu wa viazi. Nilinuna asubuhi nzima. Jumatatu iliyofuata nililitafuta koti langu lenye kiazi kwenye lile rundo na nisingekubali kulibadilisha na la meneja.

Supavaiza wetu alizijua alama zote. Alikuwa akipita nyuma yetu, anafunua kola ya mtu, anacheka, anasema leo kuku ameamka mapema. Hatukuona ubaya. Alikuwa kijana mpole, na mama yake aliuza mboga karibu na kwetu.

Kisha yakaja mambo ya mlango. Ukumbi wetu wa kushonea ulikuwa na mlango wa nyuma unaotokea uani, na tangu zamani ulikaa wazi tupate hewa. Nguo zikaanza kupotea, mkubwa mmoja akaamua zinapitia hapo, mlango ukatiwa kufuli. Ufunguo ukawa kwa askari wa geti kubwa, upande wa pili kabisa wa kiwanda. Tulilalamika kidogo, tukazoea. Mtu huzoea hata upuuzi akiambiwa ni utaratibu.

Siku moja pasi moja kwenye meza za kunyoosha nguo iliwasha rundo la vitambaa. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, ulizimwa kwa gunia lililoloweshwa. Lakini moshi ulitanda, mtu akapiga kelele, na sisi kwa mazoea tukakimbilia mlango wa nyuma. Waliotangulia wakakuta kufuli. Wa nyuma hatukujua, tukaendelea kusukuma. Aliyekuwa mbele kabisa, amebanwa kwenye ule mlango wa chuma, alikuwa yule mwanamke wa Yamumbi, na alikuwa mjamzito. Wiki hiyohiyo mimba ikaharibika.

Hatukuomba mengi. Tuliomba kufuli litolewe. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akasema tusubiri, kuna mkutano. Meneja akasema lile ni suala la wizi, si suala la usalama. Tulisubiri mpaka mama wa kuku aliporudi kazini, akakaa kwenye mashine yake, tumbo hana, na lile kufuli bado linamtazama. Hapo tukakubaliana kwamba kesho hakuna atakayewasha mashine.

Aliyesema tuyageuze makoti nje ndani simjui mpaka leo, na nimeuliza sana. Lilisemwa katika chumba cha kubadilishia nguo, mdomo hadi mdomo, na kila mtu akaliona ni wazo la maana. Huko nyuma laini moja ilikuwa imegoma peke yake, na wote walitambuliwa kwa namba zilizo mgongoni. Tukigeuza makoti hakuna namba. Tukijifunga leso mpaka puani hakuna sura. Tutakuwa kijani kitupu, na nani atamfukuza kijani? Tulijiona wajanja, tukacheka hadi tukaambiwa tunyamaze.

Tukaketi uani tangu asubuhi. Tuliimba nyimbo za kanisani, za Kikuyu, za Kijaluo, za Kiswahili, na mimi niliimba maneno ambayo sijui maana yake kwa sauti kubwa kuliko wenyewe. Jua lilitupiga shingoni. Na pale shingoni, kwenye kola zilizogeuzwa, alama zetu zote zilikuwa nje. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona pamoja kwenye mwanga. Tulionyeshana kwa vidole. Samaki, birika, msalaba, kiatu. Mtu mmoja alimgusa mama wa kuku, akamwambia kuku wake leo ametoka kutembea, na yule mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlango.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Nimelirudia hili moyoni mara nyingi, nikitafuta kama kuna aliyesita, na hakuna. Zile alama tulizitia ili sisi wenyewe tujuane. Zilikuwa siri yetu ya ndani kiasi kwamba haikutuingia akilini kwamba zingemwambia mtu mwingine chochote. Juu kwenye baraza ya ofisi walisimama watu na simu mkononi, wanatupiga picha, na sisi tukawapungia mikono.

Mchana meneja akashuka. Akasema ametusikia. Akaita fundi, kufuli likakatwa mbele ya macho yetu, tukapiga makofi, wengine wakalia. Tulikwenda nyumbani tukiwa tumeshinda. Mtaa wetu wote wa Huruma ulijua tumeshinda, maana tuliingia tukiimba.

Kesho yake geti lilikuwa limefungwa. Palikuwa na meza nje ya kile kilango cha pembeni, askari wenye rungu, supavaiza wetu, na bwana mmoja kutoka makao makuu ambaye hatukuwahi kumwona. Yule bwana akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wafanyakazi wote wameachishwa kazi kwa kufanya mgomo usio halali. Wale ambao hawakukaa uani wataruhusiwa kurudi leoleo baada ya kukaguliwa. Tupange foleni, kila mtu na koti lake mkononi.

Kila mtu akapanga. Nani angesema alikuwa uani? Wachache kweli walibaki ndani siku ile kwa woga, na sasa walisimama wima kuliko wengine. Kisha habari ikaanza kurudi kutoka mbele ya foleni kwa minong'ono. Wanafunua kola. Wana picha kwenye simu. Wanalinganisha.

Sijawahi kuona watu wakielewa jambo kwa pamoja namna ile. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alianza kung'oa nyuzi kwa meno. Dada akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akaketi chini kando ya barabara, na makoti yakaanza kumwangukia mapajani. Alifumua birika, akafumua msalaba, akafumua kiatu. Alifanya kazi ile kwa upole uleule aliozitia nao, bila kukwaruza kitambaa. Mimi sikumpa langu. Hasira ilikuwa imenishika, nikasema kama ni kiazi wanakitaka, na wakile. Nilimwambia afumue samaki wake kwanza kabla foleni haijafika. Akanijibu bila kuinua macho.

"Wacha huyo. Huyo ni mdogo, nitammaliza."

Hakuwa mdogo, na hakummaliza. Wala waliofumuliwa hawakupona. Makoti yale yalikuwa yamefuliwa miezi na miezi, kijani chake kimepauka, isipokuwa pale ambapo nyuzi zilikifunika. Uzi ulipotoka, chini yake palibaki kijani kibichi, cha siku ya kwanza, na kimechora umbo lilelile. Kuku aliendelea kuwa kuku. Birika lilikuwa na mdomo wake na mpini wake. Sisi ni washonaji, tunajua kitambaa hupauka. Tulilijua hilo vizuri na halikutusaidia.

Zamu yangu ilipofika, supavaiza alifunua kola yangu, akatazama simu, akaifunika tena taratibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pole, mama. Kiazi ni wewe."

Nikamwambia mama yake atanisikia. Hata mimi sijui nilimaanisha nini. Nilisukumwa upande wa waliofukuzwa, ambao ulikuwa tayari mkubwa na bado unajaa.

Dada alikuja karibu na mwisho. Supavaiza hakuhitaji simu. Yule bwana wa makao makuu ndiye aliyeuliza, akishika ile kola kama mtu anayekagua samaki sokoni, ni nani aliyewafundisha watu hawa kutia alama mali ya kampuni. Na dada, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akasema, "Ni mimi. Zote nimezitia mimi."

Nilikuwa karibu, nilimwona uso. Alidhani akiubeba mzigo wote watamwadhibu yeye na kutuachia sisi. Yule bwana aliitikia kwa kichwa tu na kuashiria anayefuata. Hakuna aliyeachiliwa. Lakini maneno yale kila mtu aliyasikia.

Watu waliofukuzwa kazi huwa na muda mwingi. Kampuni ilikuwa mbali, nyuma ya geti, haina uso wa kutemea mate. Dada alikuwa hapa Huruma, ploti ya tatu kutoka kwangu, anachota maji kwenye bomba letu. Mwanzoni walisema angekuwa na akili asingetia picha kubwa hivyo. Baadaye wakauliza kwa nini alitutarizia bure, ni nani hufanya kazi ya bure siku hizi. Mwisho wakasema alitumwa. Kwamba ofisi ilimwambia atutie alama mapema ili siku ikifika tujulikane, na ndiyo maana alijitaja mwenyewe bila woga. Waliosema hivyo ni wanawake waliomgombania wakati wa chai ili awatarizie.

Nilipigana nao. Mimi si mtu wa maneno matamu. Niliwaambia bombani kwamba mtu aliyetumwa hufukuzwaje pamoja na sisi, na mtoto wake wa mwisho akarudishwaje nyumbani kutoka shule kwa kukosa karo. Wakaniambia mimi ni rafiki yake, ningesema nini kingine. Nilimwambia mmoja kwamba ana roho ya nyoka. Hilo halikusaidia.

Dada alianza kuuza omena, dagaa wa kwao Ziwani, kwenye meza ndogo mbele ya ploti. Alikuwa na omena safi, zisizo na mchanga, na watu walipita kwenda kununua mbali. Alikuwa akikaa pale wima, leso imefungwa vizuri, anawasalimu. Habari yako, mama. Wale wanapita kama salamu haikuwahusu. Nilimwambia aache kuwasalimu. Akasema hawezi kukaa njiani kama gogo. Jioni nilimsaidia kurudisha omena ndani, na kila siku rundo lilikuwa lilelile. Alikuwa anakonda. Yule mtu wa utani, aliyekuwa na jina la kumtania kila mmoja, sasa ukimsimulia jambo la kuchekesha alikuwa anangoja umalize, kisha anasema ni kweli.

Niliona kuna mtu mmoja tu ambaye neno lake lingesikika, naye ni mama wa kuku. Mgomo ulikuwa kwa ajili yake. Akisema dada hana kosa, nani atabisha? Kwa hiyo Jumapili moja nilikwenda Yamumbi. Nilimkuta uani, kuku wanamzunguka miguuni. Alinipa kiti na chai. Nilimweleza yote, nikamwomba aje siku moja tu, anunue omena mbele za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi simchukii," akasema. "Lakini nilipoteza mtoto, nikapoteza kazi, na kila mtu akija hapa anataka nimfanyie kitu. Nimechoka. Wacha nipumzike."

Nilikunywa chai yangu, nikashukuru, nikarudi kwa miguu nikiwa na hasira na kila mtu, hata na kuku wake.

Dada alihama asubuhi, watu wote wakiwa nje. Mimi nilitaka aondoke kabla hakujapambazuka, yeye akakataa, akasema hakuiba kitu. Anarudi kwao Ziwani, kwenye boma la marehemu mumewe. Tulibeba godoro mimi na yeye, yeye mbele, mimi nyuma, tukapita kati ya milango. Wanawake wale walisimama, mikono imefungwa kifuani. Akamsalimu kila mmoja. Hakuna aliyeshika hata sufuria. Nililia njia nzima nyuma ya lile godoro, na nafurahi kwamba lilinificha.

Mimi nilipata nafasi kwenye baraza ya duka moja kule mtaa wa Pioneer, nikaweka cherehani ya miguu, nashona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Ndiko niliko hadi leo. Kiwanda kiliendelea na wale walioruhusiwa ndani na wengine wapya. Kisha siku moja tukasikia geti limefungwa tena. Safari hii hawakugoma, hawakuimba, walikuwa wameuliza tu kwa nini zamu zimerefushwa. Wakaachishwa wote, wale waliosimama wima kwenye foleni, wale ambao kola zao zilikuwa safi kama siku zilipotoka dukani. Kazi ikapewa wakala anayeleta vibarua wa siku. Hakuna aliyefunua kola ya mtu. Hawakuhitaji.

Jambo hilo liliingia Huruma polepole. Nililiona bombani. Mtu anaanza kusema habari za alama, anaishia katikati. Mwingine akauliza siku moja, kama anayeuliza bei ya nyanya, kama yule dada wa Ziwani bado ana ile namba yake ya simu. Nikamwambia sijui. Namba ninayo, na tulikuwa tukizungumza.

Mwezi uliopita walikuja barazani kwangu Pioneer. Mama wa kuku ndiye aliyetangulia, na mkungu mdogo wa ndizi, na nyuma yake wale wengine, wale wa bombani, wamevaa kama watu wanaokwenda kuona mgonjwa. Walijaa baraza nzima, wateja wakashindwa kupita. Mama wa kuku akasema wamekuja kwa ajili ya dada. Wanataka kumpigia, wamwambie walikosea. Walitaka niweke simu sauti ya juu ili wote wasikie.

Nikakataa. Niliwaambia kila kitu nilichokuwa nimekiweka. Niliwauliza walikuwa wapi wakati ule wa godoro. Niliwaambia kosa lao wakae nalo, wasimsumbue mtu aliyekwisha kuumia ili wao walale vizuri. Mmoja alianza kulia, nikamwambia aende akalie kwake. Wakaondoka. Waliziacha ndizi kwenye kiti cha wateja. Nilijisikia vizuri sana, nikashona sare tatu bila kuinua kichwa.

Jioni nilimpigia dada, nimsimulie nilivyowatimua. Nilijua atacheka. Nilianza mwanzo, kwamba walikuja, wakajaa baraza. Akanikatiza.

"Walikuja? Nani na nani?"

Nikamwambia mama wa kuku alitangulia. Nikamtajia wa pili, na aliyesimama karibu na nguzo, na yule aliyelia, na yule mzee wetu wa laini ya mifuko ambaye goti linamsumbua siku hizi na bado alitembea. Nikawataja wote. Nilikuwa nakimbilia sehemu yangu, pale nilipowajibu. Lakini dada akanizuia tena, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu kiwandani.

"Wataje tena, mdogo wangu. Polepole. Anza na wa kwanza."

Nikaanza na wa kwanza.